Mvule Ulioshikwa na Jirani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Bibi yako mzima, alizeti imechanua. Umeuliza kama kweli nimewahi kukata mvule. Ruksa ya biashara ya mbao ilipotolewa, nilitoka Ilongero kwenda msitu wa Kilombero, mimi, bingwa wa msumeno. Mvule tuliokuwa tukiukata ukalia, ukainamia mbele. Nikarudi nyuma yake nikitamba, kama tufanyavyo tukikata migunga huku.

“Mnyaturu, utakufa hapo,” mwenzangu Saidi akaniita. “Tazama juu.”

Mimea minene kama kamba iliufunga mvule na mti uliokuwa nyuma yangu. Mvule ulipokwenda, uliuvuta ule mwingine, ukang’oka. Nilikimbia, swala angenipisha. Ukaanguka palepale nilipokuwa nimesimama.

Huku mti huanguka peke yake. Kule lazima uulize kwanza mti umeshikana na nani. Ndiyo maana kabla ya kumposa bibi yako, nilikwenda kuwatazama kaka zake.

Babu yako, bado bingwa