Kinga Yangu, Jibu Langu

Jumatatu, 2 Machi
Majibu yametoka. Watafiti walitupima damu darasa zima la udaktari wa meno, sisi tuliochanjwa homa ya ini B tukiwa wachanga, waone kama kinga bado ipo. Kila mtu kapewa bahasha yake, siri yake. Mimi — haipo. Mama alivyoitunza ile kadi ya kliniki! Barua inasema nimwone mwalimu, nisiguse mgonjwa, nichanjwe, nipimwe tena. Miezi miwili hiyo. Mtihani wa mwisho ni baada ya wiki tatu, na nimebakiza meno mawili ya kung'oa nitimize idadi. Mwaka mzima nirudie? Barua nimeisukumia chini ya godoro.

Jumatano, 4 Machi
Jino moja limetoka. Bado moja. Profesa — mwenzangu wa kiti cha pili, jina kapewa na miwani yake — ananitania ninavyovaa glovu mbili mbili. Nimecheka. Roho haikucheka.

Ijumaa, 6 Machi
Nimejichoma! Sindano ya ganzi. Kifuniko chake tunafundishwa kukiokota kwa ncha ya sindano yenyewe, mkono mmoja tu. Mimi nikakishika kwa mkono wa pili. Haraka haraka — haya, baraka iko wapi? Saa sita mchana. Kidole gumba, imepenya glovu zote mbili.

Profesa kanikokota bombani, kisha kwa sista wa dharura. Mgonjwa wangu, mzee wa watu, kakubali kupimwa. Anayo homa ya ini B. Alikuwa hajui, na bado ananiomba radhi mimi!

Sista kaniuliza kinga yangu ikoje. Kama ipo, nirudi kazini. Kama haipo, nichomwe sindano mbili za kinga ndani ya saa ishirini na nne. Mwalimu kasimama mlangoni, anasikiliza.

"Ipo," nikasema.

Sista kaandika. Mwalimu kanipigapiga begani, eti Jumatatu atanipa mgonjwa wa mwisho.

Jumamosi, 7 Machi
Sijalala. Mimi ni mjinga, mjinga wa kutupwa.

Tangu saa tatu nilikaa benchi nje ya chumba cha sista. Nikainuka, nikakaa. Nikainuka tena — Profesa huyo, ananiuliza namsubiri nani. Nikamwambia namsubiri yeye. Akafurahi, tukaenda kunywa chai.

Naandikia chooni, kantini. Saa tano na dakika ishirini. Zimebaki dakika arobaini. Profesa anagonga, anasema chai inapoa. Nimemjibu nakuja.