Mnara wa Taa Katikati ya Nyasi

Ijumaa, 8 Novemba 1974

Wanataka kuubomoa mnara wa taa. Nimesikia leo dukani, na aliyeleta habari hakujua anaongea na nani. Karani mmoja wa kutoka bondeni, kaja Sumbawanga kununua betri, anasimulia huku anacheka. Eti kule mbele ya Muze kuna mnara wa zamani wa kuongozea mitumbwi, uko katikati ya nyasi, Ziwa Rukwa lenyewe limehama siku nyingi. Utavunjwa, matofali yakajenge ofisi ya kijiji kipya. Taa ya kuwamulikia panya, anasema. Nikampa betri zake. Sikucheka naye.

Aliyekuwa akiwasha taa ile ni baba yangu, marehemu Halfani. Aliiwasha mpaka ziwa lilipoanza kurudi nyuma na wakubwa wakasema mafuta yanapotea bure. Mimi nimezaliwa kwenye kile chumba cha chini, na kitovu changu kimefukiwa pale pale karibu na mlango. Mama alinionyesha. Taa yenyewe ninayo hapa nyumbani, chini ya kitanda, nimeifunga kwenye gunia. Basi huyo anayetaka matofali, aje tuonane.

Jumapili, 17 Novemba

Tumeshuka bondeni. Mimi, Abdala mtoto wa kaka yangu, ambaye ndiye dereva wa lori langu, na Kalista wa Mollo. Kalista ni mkulima, miaka mingi ananiletea ulezi dukani, tumezoeana kiasi cha kugombana. Nilimwambia asijisumbue. Akajibu kwamba babu yake alibebeshwa chokaa ya mnara ule kichwani, kutoka misheni hadi bondeni, na hakulipwa hata chumvi. Kwa hiyo mnara ni wake, anakwenda kuangalia mali yake.

Mali yenyewe imechoka. Chokaa imebanduka, vioo vya juu vimevunjika vyote, ngazi ya mbao ya kuingilia chumba cha taa imeliwa na mchwa. Bundi wamehamia. Lakini ukuta! Nimeupiga ngumi, umeniumiza mimi.

Katibu wa kijiji akaja. Kijiji kinaitwa Nguvumoja, kimeanzishwa na Operesheni Vijiji, watu wamekusanywa kutoka huko na huko. Anaitwa Ndugu Ignasi. Kijana bado, suti ya Kaunda, viatu vinang'aa kwenye vumbi lote lile. Akatuambia hiki ni kitu cha mkoloni na sisi tuna kasumba. Kalista akamuuliza kama mkoloni ndiye aliyebeba chokaa. Katibu akageukia mnara. Akasema kitu kisicho na kazi hakina nafasi katika ujenzi wa taifa. Tumwonyeshe kazi ya mnara, atausamehe.

Tukarudi kwenye lori. Njia nzima ya kupanda mlima nimenuna, hata Abdala hakupiga mluzi.

Jumamosi, 30 Novemba

Tumepata kazi!

Kalista alikuwa uani kwangu, ameanika ulezi kwenye mkeka, anafukuza kuku huku ananisema kwa kufuga kuku wasio na adabu. Ghafla akawaacha kuku. Akasema: dungu. Nikauliza dungu gani. Dungu la kulindia ndege, Mama Kulsumu, akanijibu. Bondeni kweleakwelea wanamaliza shamba asubuhi moja. Watu wanajenga dungu la miti, linaanguka kila mwaka. Pale lipo la matofali tayari.

Redioni kila saa ni kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Nani atakataa shamba? Tukamwendea Ndugu Ignasi, tukamwambia tunajitolea kulima shamba la kijiji kuuzunguka mnara, na juu watakaa walinzi wa ndege. Nikamrushia maneno yake mwenyewe: kujitegemea, nguvu kazi, mapambano. Aliyameza moja moja. Kasema sawa, mpaka mavuno. Kama hakuna mavuno, mitaimbo itafanya kazi yake.

Tukatoka tunakimbia, wanawake wazima.

Jumatatu, 16 Desemba

Mgongo wangu si wangu. Wanawake wa Mollo walijaa kwenye lori, na majembe yao, na nyimbo zao za kanisani. Wamelima kwa matuta ya Kifipa, nyasi zinafukiwa chini, udongo juu, matuta makubwa ya kumfikia mtu magotini. Watu wa bonde walikuja kutazama wageni wanavyojichosha, mwishowe wakashika majembe.

Gharama za chokaa na mbao zinatokana na pombe. Ndiyo, pombe. Kalista na wenzake wanapika ya ulezi na kuuza sokoni. Mimi siigusi, lakini lori langu linabeba mapipa. Jirani yangu mama Zaitun kanisimamisha mlangoni, anauliza kama marehemu mume wangu angeliona lori lake linanuka hivyo. Nimemwambia marehemu alikuwa analibebea samaki wakavu, ameshazoea harufu. Kaondoka bila kuaga. Aende.

Mahali alipachagua Kalista. Udongo mweusi, laini, hakuna kisiki wala mti. Kwao Mollo ndivyo ardhi nzuri ilivyo, ya wazi mpaka macho yanachoka. Mvuvi mmoja, Kasimiri, aliyehamishwa kutoka ziwani kuletwa kijijini, alisimama muda mrefu akitutazama. Akasema, "Dada, hapa hapana mti." Tukamwambia tumeona, tunamshukuru Mungu. Akatikisa kichwa, akachukua jembe akalima na sisi.

Alhamisi, 6 Februari 1975

Leo nimelivunja kabati la vioo la dukani. Yaani nimelifungua, vioo nimevifunga kwenye blanketi vikashuka bondeni. Vioo havipatikani mjini hapa, nimeulizia mpaka nimechoka, hata kwa wanaopita mpakani Kasesya. Sasa sabuni na nyuzi zimepangwa kwenye maboksi ya kadibodi. Abdala kakasirika: shangazi, umelivua duka nguo. Nimemjibu duka ni langu, likae uchi.

Fundi amevikata vikaenea. Mnara umepakwa chokaa, unaonekana tangu kwenye kona ya mwisho ya mlima. Nimeirudisha taa ya baba mahali pake. Haijawashwa. Ipo tu. Nimelia kidogo, Kalista akajifanya anakagua ngazi mpya.

Jumanne, 18 Machi

Ndege walikuja! Wengi mpaka anga limeingia weusi. Fransiska, binti wa Kalista, alikuwa zamu juu na makopo yake ya kamba, anapiga, anazomea, sisi chini tunarusha udongo kwa makombeo. Hawakutua. Shamba la jirani, lenye dungu la miti, limebaki mabua.

Na Ndugu Ignasi leo kaleta wageni kutoka mkoani. Kawaonyesha "dungu letu la kisasa, matunda ya juhudi za kijiji". Nilikuwa nimesimama pale pale na ndoo ya chokaa. Mgeni mmoja akamwomba ampeleke juu. Ndugu Ignasi akasema kifua kinambana leo. Kifua! Nimemwona tangu Novemba, hajakanyaga hata ngazi ya pili. Mtu anaogopa kupanda juu, na anataka kubomoa kitu asichokijua ndani yake. Nimekasirika lakini pia nimefurahi. Kama dungu ni lake, atalibomoaje?

Jumatano, 9 Aprili

Maji yameingia shambani.

Si mvua. Ni ziwa. Limerudi.

Sasa naelewa Kasimiri alichotuambia. Bondeni mti haukosekani bure. Pasipo na mti ndipo ziwa linapolala likirudi. Mtu wa bonde akisikia "hapana mti" anahamisha jembe. Sisi tulijibu tunamshukuru Mungu! Kalista ana udhuru, ni mtu wa Mollo. Mimi nimezaliwa pale pale, baba alinilea na maji mlangoni, nikakaa mjini mpaka nikasahau mnara wa taa hujengwa wapi. Kalista amekaa kitini kwangu. Nimempikia uji, hakunywa.

Ulezi wetu ulikuwa umebakiza wiki chache tu kuvunwa.

Jumapili, 13 Aprili

Ndugu Ignasi katuita. Hakuna shamba, hakuna dungu. Ijumaa anakuja na lori la kuazima na watu wa mitaimbo. Kasema kwa upole, hilo ndilo limeniudhi zaidi.

Nikamwambia, Ndugu Katibu, toa macho nje. Maji yapo. Mnara umesimama ukingoni. Wiki iliyopita upepo ulimkuta Kasimiri kati ya matete, hakujua pwani iko wapi, akalala humo mtumbwini, mamba wamemzunguka. Mnara umepata kazi yake ya kwanza, ile uliyojengewa.

Akasema Nguvumoja ni kijiji cha kilimo. Wavuvi hawamo katika mpango.

Nikauliza samaki aliyekula mchana huu alilimwa wapi. Kalista akanivuta kitenge, lakini nilikuwa nimeshasema. Katibu akatazama saa yake. Ijumaa, Ndugu Hamisa, akarudia. Nikasema na mimi Ijumaa nitakuwepo, juu, na matofali akiyataka atayatoa chini ya miguu yangu. Sikupanga kusema hivyo. Ila nimesema na ndivyo itakavyokuwa.

Ijumaa, 18 Aprili

Naandika nikiwa juu, kwenye chumba cha taa, daftari liko magotini. Ni alasiri. 

Tulifika asubuhi. Lori langu tumeliacha kwenye kilima, pakavu. Abdala nimemtuma Muze kwa miguu akanunue mafuta ya taa mengine, ambayo hatuyahitaji. Ufunguo wa lori ninao mimi.

Wakaja. Lori la kuazima, vijana nyuma, mitaimbo. Dereva mgeni. Ndugu Ignasi yuko mbele anaonyesha njia kwa mkono, moja kwa moja kuelekea mnara, maji hayafiki hata nusu ya gurudumu. Asichokijua yeye wala dereva wake ni kwamba chini ya maji yale kuna matuta ya Kifipa. Gurudumu moja likapanda tuta, jingine likazama kati. Wakasukuma. Likazama zaidi. Kalista alikuwa mlangoni pa mnara, amecheka mpaka akakaa kwenye maji. Ni cheko la kwanza tangu shamba liende.

Katika bonde hili leo hakuna lori jingine la kulivuta lile isipokuwa langu.

Ndugu Ignasi akaja mpaka chini ya mnara, suruali ameikunja, viatu ameshika mkononi. Akaita: Ndugu Hamisa, tunaomba ufunguo. Nikasema upo huku juu, karibu. Akasema niurushe. Nikamwambia ukidondoka majini tutalala hapa sote. Akasema nishuke. Nikasema kifua kinanibana.

Wale vijana walicheka. Si kwa sauti, lakini alisikia.

Kisha hakuna aliyecheka tena, maana upepo umegeuka. Kusini kumekuwa kweusi. Kasimiri na wenzake wametoka alfajiri kutazama nyavu na hawajarudi, na wote waliosimama pale chini wanalijua hilo. Leonardi, mdogo wake Kasimiri, yumo kati ya watu wa mitaimbo. Alikuwa na mtaimbo begani. Ameuweka chini. Hatazami mnara wala lori, anatazama ziwa. Sasa na wa pili ameweka wake. Hakuna aliyewaamuru.

Taa nimeijaza mafuta tangu asubuhi. Utambi ni mpya, vioo vya duka langu ni safi. Ningeiwasha mwenyewe, mkono wa baba ninao. Nimesubiri. Nataka mtu mmoja aiwashe mbele ya watu wake, halafu aone kama atakuwa na uso wa kuibomoa.

Ndugu Ignasi amewatazama vijana wake. Amelitazama lori. Ameingia mlangoni.

Anapanda. Namsikia. Anakaa kidogo, anapanda tena. Kalista yuko nyuma yake anamwambia asiangalie chini, kaka, angalia ukuta, babu yangu alibeba hicho unachokishika.

Ufunguo nitampa, mimi si mwizi. Uko kushoto kwa daftari. Kulia nimeweka kibiriti.

Amefika kwenye ngazi ya mbao. Jasho linamtiririka. Anauliza kama itamhimili. Nimemwambia imetengenezwa na watu wa kujitolea, apande tu. Mkono wake umetokea, anaunyoosha kupokea.

Naanza kumpa kibiriti.