Chungu cha Miguu Mitupu

Jumatatu, 9 Juni 1986

Siku ya kwanza. Shule nimemaliza, kazi hakuna, Sheffield nzima viwanda vinafungwa. Ofisi ya kazi imenipeleka karakana ya zamani ya Dunkerley, kule mtoni, nikawasaidie wazee wanaotunza mashine. Kazi yangu chai na kufagia. Afadhali. Chai haimlazimishi mtu kuongea.

Lakini mashine! Kuna nyundo ya kuendeshwa kwa maji, kichwa chake kama ng'ombe aliyelala. Na chini ya sakafu kuna tanuri la kuyeyushia chuma cha pua, kwa vyungu vya udongo. Halijawashwa tangu kabla sijazaliwa.

Bwana Dunkerley, mjukuu wa mwenye karakana, anataka kiwanja kiwe maegesho ya magari. Kawaambia wazee: nionyesheni Agosti kwamba tanuri bado linatoa chuma cha pua safi, nitawaachia jengo. La sivyo, tingatinga.

Wazee wenyewe wawili. Mzee Cyril Staniforth, aliyekuwa akivitoa vyungu motoni. Na Mzee Wilf Ollerenshaw, aliyekuwa akivifinyanga — sasa ana mguu mmoja, kisukari. Wanatupiana maneno kutwa kama watani.

Jumatano, 11 Juni

Balaa! Udongo wa vyungu haukandwi kwa mikono wala kwa mashine. Unakanyagwa, miguu mitupu, kutwa nzima, mpaka ulainike kama siagi. Nyayo ndizo zinazopapasa. Kijiwe kimoja kikibaki, moto utakipata. Chungu kitapasuka na chuma chote kitamwagikia makaani.

Mzee Wilf hawezi. Mzee Cyril akavua buti, akaonyesha nyayo zake.

"Hizo tairi za lori," Mzee Wilf akasema. "Ukikanyaga msumari, msumari ndio utakaolia."

Kisha wote wawili wakatazama viatu vyangu.

Nikakimbilia chooni.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekubali — lakini kwa soksi. Vidole vyangu viwili vimeungana, kila mguu. Shuleni, siku za kuogelea, waliniita Bata. Walipanga mstari nyuma yangu wakitembea kibatabata. Wazee sikuwaambia hayo. Nilisema nasikia baridi.

Mzee Wilf akanitazama weee. "Soksi. Haya. Mtoto wa watu, tukikubana utatukimbia."

Kisigino, zungusha, kisigino tena. Mzee Wilf kwenye kiti chake cha magurudumu ananigongea gongo sakafuni, nifuate mwendo. Magoti yamekufa.

Usiku mezani Baba, macho kwenye Kombe la Dunia, akauliza kama siku hizi serikali inawalipa watu kuchezea matope. Yeye kiwandani walimpunguza mwaka juzi.

Jumamosi, 5 Julai

Vyungu vimekauka. Leo tumejaribu kimoja, kitupu, moto tu.

Kimepasuka. Sauti ndogo — tak! — kama kikombe cha chai. Mzee Cyril akavitoa vigae kwa koleo. Mzee Wilf akangoja vipoe, akavigeuzageuza, akaninyooshea kimoja. Katikati, kijiwe. Kidogo kuliko choroko.

"Soksi," nikasema.

"Soksi," akasema naye. Hakugomba. Bora angegomba!

Na vyungu vyote vilivyobaki ni vya udongo ule ule. Mzee Cyril akasema tumpigie Dunkerley simu, aje achague rangi ya mistari ya maegesho.

"Funga bakuli lako, Cyril," Mzee Wilf akasema.

Nimelia njia nzima. Nilipofika kwenye daraja nikaanza kukasirika. Nani amewahi kufa kwa kuitwa Bata?

Jumatatu, 7 Julai

Nimevua. Mbele yao wote wawili.

Mzee Wilf akainama mpaka nikadhani ataanguka. "We Cyril! Mimi maisha yangu yote nimekanyaga udongo kwa vijiko, kumbe wenzangu Mungu kawapa sepetu!"

Wakacheka mpaka Mzee Cyril akapaliwa. Nikacheka na mimi. Sikutaka, imetoka tu.

Udongo mpya ni baridi, na kweli unaongea! Hewa iliyonaswa inapasuka chini ya dole gumba kama povu. Kijiwe kinachoma. Nikisikia, nasimama, nachimbua, nampa Mzee Wilf, anakiweka kwenye kisahani. Jioni nikamwambia bado kuna kimoja, nakisikia lakini kinanikimbia. Akasema basi twende nyumbani, kesho. Nikakataa. Nikakipata.

Jumanne, 22 Julai

Vipya vinakauka. Nikipita rafuni nabana pumzi.

Baba kaja! Bila kusema anakuja. Kasimama mbele ya nyundo, kofia mkononi, kaipapasa shingo kama mtu anavyompapasa farasi. Kanywa chai yangu. Kaondoka.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika kwenye ngazi za chumba cha tanuri. Mwandiko mbaya, naandikia gotini.

Chungu kiko motoni tangu asubuhi, chuma ndani. Kimeshika. Mpaka sasa kimeshika!

Bwana Dunkerley kaja na suti, na fundi wake. Chuma kikishaganda fundi atakivunja hapa hapa, aangalie ndani. Mzee Cyril kainua kifuniko, kachungulia kwa miwani ya bluu ya kukinga mwanga. "Bado. Kinachemka. Kisipotulia kitakuwa na matundu kama mkate."

Bwana Dunkerley akasema ana kikao. Kitolewe sasa, au anaondoka.

Mzee Cyril jasho linamtiririka. "Wilf, chungu chako kitastahimili nusu saa nyingine?"

"Si changu," Mzee Wilf akasema. "Mwenyewe yule pale."

Wakanigeukia.

"Nani? Huyu wa chai?" Bwana Dunkerley akauliza.

Kikipasuka, basi, Dunkerley hatasubiri kingine. Kikitoka sasa ni chuma kibovu, na fundi ataona. Nikajaribu kukumbuka kila mahali kwenye ule udongo. Sikukumbuka pa kuogopa.

"Kitastahimili," nikasema. "Acheni kwanza. Na wewe, bwana, subiri." Sauti ikagonga kuta zote. Sikujua ninayo.

Kasubiri! Kakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, suti na yote. Mzee Wilf kafumba macho, anasikiliza.

Nusu saa imetimia, chungu kimeshika. Mzee Cyril anajifunga magunia yaliyolowa, kiunoni mpaka miguuni. Koleo keshalishika. Anauliza nani atamwinulia kifuniko.

Nimesema mimi.