Nilivyoona Aibu Kusalimu Nimesimama

Mjukuu wangu Tumaini, huko Tunduma,

Hapa Ileje hatujambo, tunavuna maharage. Unauliza kama hayo mazoezi uliyopewa ya pia ya goti, hilo linalokuuma, yanasaidia, na wakwe watakuonaje usipopiga magoti.

Enzi za Mwingereza, nikiwa mke mgeni, goti liliniuma hivyo hivyo, na muuguzi wa misheni alinifundisha kunyoosha mguu na kuuinua polepole. Akanikataza kupiga magoti mpaka nipone. Niliona aibu. Nikaacha mazoezi, nikaendelea kumpigia baba mkwe magoti kila asubuhi, nikijikaza.

Miaka ikapita. Siku moja nilishindwa kuinuka mbele yake, nikamweleza yote. Akasema, “Mwanangu, si ungeniambia? Ningekuitikia umesimama.”

Waambie wakwe zako leo, mama.

Bibi yako, ambaye goti lake halikunjiki tena.