Juisi za Mathe na Soja Aliyeshika Ngazi

Jumatano, Kayole. Baridi ya Julai bado haijatuachia. Mawingu yamekaa juu ya mabati tangu asubuhi kama mgeni aliyekuja kuomba kitu na hajui aanzie wapi. Hata hivyo nina furaha, na nimevaa soksi mbili kila mguu.

Shajara, leo nakiri kosa kwanza, halafu nijisifu kidogo. Kwa mpangilio huo, nisije nikasahau la kwanza.

Mathe, mama yangu, ana uvimbe kwenye titi. Ameshawekewa dripu ya kemo, dawa ya kuua saratani, mara mbili, ya tatu ni kesho. Dripu zikiisha ndipo daktari atapanga siku ya upasuaji. Juzi Jumatatu Mathe alitangaza kwamba haendi tena.

Aliyesababisha ni mimi.

Mimi ni fundi wa simu. Ufundi nilijifunza kwa kuharibu simu za watu, na udaktari nimejifunza kwenye simu hizo hizo kabla wenyewe hawajazijia. Nilisoma mahali kwamba saratani hustawi pale kinga ya mwili inapolala. Ukurasa wa pili sikuusoma. Tayari nilikuwa nateremka ngazi na suluhisho.

Ploti yetu ina ghorofa nne na karatasi ya zamu: nani anaosha ngazi siku gani. Nikatengeneza nyingine kama hiyo, nikaibandika kwenye mlango wa Mathe. Zamu ya kuamsha kinga. Ghorofa ya kwanza bitiruti na tangawizi, ya pili kitunguu saumu na ndimu, ya tatu Mama Akinyi na majani yake ya kuchemsha ambayo majina yake hataji, ya nne supu ya mifupa. Watu wa ploti hii hugombania hata kamba ya kuanika nguo, lakini zamu hiyo hakuna aliyeikosa. Hata wa ghorofa ya pili, ambao hawajaosha ngazi tangu wahamie.

Mathe akarudi kuimba akifua. Na Jumatatu, kikombe cha bitiruti mkononi, akasema:

"Askari wangu wa mwilini wameshiba. Sasa waachwe wafanye kazi. Kesho nenda hospitali uwaambie wampe mtu mwingine kiti changu."

"Mathe, na dripu?"

"Dripu inanitapisha. Majani ya Mama Akinyi yananitapisha pia, lakini yeye angalau huketi tukapiga stori."

Hoja ya askari ilikuwa yangu mwenyewe.

Jana nikaenda. Naandika hili polepole kwa sababu lina aibu: nilienda kweli kutoa kiti cha mama yangu. Sista wa dripu, muuguzi mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinisikiliza nikitaja zamu yote mpaka supu ya ghorofa ya nne. Nilingoja anigombeze. Akauliza bitiruti nzuri hivyo tunanunua wapi. Kisha akasema chakula ni chakula, ila daktari lazima aambiwe kila anachokunywa mgonjwa, hasa hayo majani. Kilichomsumbua ni habari ya askari waliolala.

"Nani alikuambia wamelala? Wamejaa mle ndani ya uvimbe. Wengine wako macho kuliko mimi."

Akageuza kadi ya kliniki, akachora duara, akalijaza vidoti. Vidoti hivi, akasema, ni seli za kinga. Kuna aina inaitwa makrofaji: kazi yake ni kumeza vijidudu na uchafu, na kusaidia kidonda kipone. Zinaingia kwenye uvimbe kama zinavyoingia popote penye shida. Lakini uvimbe unazipelekea ujumbe wa kemikali, na taratibu nyingi zinabadilika tabia. Zinaanza kuuhudumia. Zinausaidia kuvuta mishipa ya damu ya kuulisha. Na zile seli kali zinazoua saratani zikifika, zinapozwa, zinaambiwa hapa hakuna neno. Si kila seli, wala si kila uvimbe kwa kiasi kimoja. Lakini mtu anaweza kuwa na kinga tele, na sehemu yake inafanyia kazi upande wa pili.

Nikauliza mnazirudishaje. Akasema watafiti wanahangaika na hilo, na kuna dawa za namna hiyo kwa saratani fulani. Ya Mathe, kwa sasa, ni dripu na kisu.

"Na kiti chake simpi mtu. Mlete."

Nilipokuwa natoka getini pale hospitali ndipo nikamkumbuka soja.

Mwaka jana ploti yetu ilikuwa na soja, mlinzi wa geti, mtu mpole, hasinzii hata kidogo. Wakaja jamaa wawili wenye ovaroli, wakasema wametumwa kurekebisha maji juu ya paa. Kila asubuhi walimletea chai na chapati. Soja akawafungulia, akawashikia ngazi. Fundi halisi wa mwenye ploti alipofika, soja akamrudisha: kazi ina wenyewe. Vijana wa ghorofa ya nne walipotaka kupanda kuangalia, akawazuia wasije wakaumia. Pampu ikaenda. Mabomba yakaenda. Sisi, kwa akili zetu, tukaongeza walinzi wawili. Soja ndiye aliyewafundisha kazi.

Tanki lenyewe liliteremka ngazi likiwa limebebwa na walinzi watatu.

Leo asubuhi nilimkuta Mathe akimenya viazi. Nikamwonyesha duara la sista.

"Kadi yangu umeichorea yai?"

"Mathe, unamkumbuka yule soja?"

Kisu kikasimama. Mathe ndiye aliyemtetea yule mtu hadi siku ya mwisho.

"Alikuwa na heshima zake," akasema.

"Alikuwa analala?"

"Hata siku moja."

"Alikuwa na njaa?"

"Na uji wangu wote aliokuwa anakunywa? Juu yake chai ya wale wezi."

"Na tulipoongeza wengine wawili?"

Akamenya kiazi kizima, ganda moja refu bila kukatika. Kisha akalitazama lile duara, akajishika kifuani pale pale penye uvimbe.

"Kwa hivyo nimekuwa nikimpa uji tena."

Nikachukua kisu cha pili, nikamenya naye. Kwangu mimi hilo si jambo dogo.

"Ile kesi iliisha vipi?" akauliza, ingawa anajua.

"Walikuja polisi, watu wa nje ya ploti."

"Na wakavunja geti, kama dripu inavyonivunja mimi."

"Geti tulilitengeneza, Mathe."

Akatia viazi majini. "Haya umeyasoma kwenye simu au umeambiwa na mtu?"

"Na mtu. Ana miwani."

"Basi afadhali."

Mchana nikamwona akibandua ile karatasi ya zamu mlangoni. Nilidhani anaitupa. Aliigeuza, akaandika upande wa nyuma, akaibandika tena. Ni zamu mpya, ya kumsindikiza kliniki mpaka dripu ziishe, ghorofa kwa ghorofa. Kwa Mama Akinyi ameandika: aje na stori, majani ayaache. Wa ghorofa ya pili: siku yao, na ngazi waoshe.

Juu kabisa nipo mimi. *Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi. Awe ameoga. Simu azime.*

Nilisema nitajisifu. Nimetafuta pa kuanzia, sijapaona. Sista alichora, Mathe akajijibu mwenyewe, mimi nilibeba kadi.

Dripu ya tatu itafanya nini, sijui, na safari hii sitatafuta jibu kwenye simu ya mteja. Soksi za kesho nimeshaziweka juu ya kiti. Jozi nne: mbili zangu, mbili zake, maana chumba cha dripu kina baridi na mtu wa zamu lazima afikirie mambo kama hayo.