Ripoti Yangu Inajijaza, Jackton Anafutwa Kazi

Mpendwa Mama Waringa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa. Mimi ni karani katika kampuni ya mikate na keki hapa Hurlingham, na kila Jumatatu humpa bosi ripoti ya mauzo ya maduka yetu, na zamani nilinakili hesabu moja moja kutoka kwenye mfumo wa mauzo hadi Excel huku nikipigia kila duka simu, nasalimia, nauliza kama wameingiza zote. Basi nikajifunza kuunganisha Excel na ule mfumo, sasa Jumatatu alfajiri ripoti inavuta mauzo na kujijaza yenyewe, mimi nakuja kunywa chai, na sijidai, sifa nimepata, hata Bwana Kiarie, bosi wetu, amesema nitasimamia ripoti zote. Shida ni kwamba ripoti inaonyesha duka la Kitisuru haliuzi kitu Jumapili, naye bosi akasema mkutanoni, "Hiyo duka Jumapili inalala tu, na huyo Jackton analala nayo. Ijumaa namwachisha kazi." Nikampigia Jackton, anayeuza katika duka hilo, akanitania, "Nasimiyu, siku hizi umetunyamazia, kwani tulikukosea?" Kisha akaniambia Jumapili watu wakitoka kanisani hujaa hata hapati kukaa, kwa hivyo huwaandikia risiti kwa mkono na kuingiza yote Jumatatu asubuhi, "vile tumefanyanga." Yaani ripoti yangu huvuta kabla hajaingiza, na zamani simu yangu ndiyo iliyokuwa ikimngoja. Hajui anachopikiwa, nami sikuthubutu kumwambia. Nikisema ukweli cheo kitaniponyoka, nikinyamaza sitaweza kumtazama machoni. Nifanyeje?

Nasimiyu, Kileleshwa

Nasimiyu, kwanza hongera. Kuifanya ripoti ijijaze si jambo dogo, na atakayekwambia urudi kunakili kwa mkono mpuuze. Lakini umenikasirisha. Ukweli unaujua, siku unaijua, na bado unaniandikia mimi badala ya kubisha mlango wa Kiarie. Mficha uchi hazai.

Cheo unachokililia ni cha kusimamia ripoti, basi zisimamie. Leo, wala si kesho, ifanye ripoti ivute upya wiki zilizopita. Jumapili za Kitisuru zitajitokeza, kwa sababu Jackton alishaziingiza. Zichape, umpelekee Kiarie na useme, "Ripoti ilikuwa inavuta mapema. Kosa ni la saa niliyoipangia, si la Jackton." Usilie, na usimweleze mambo ya kompyuta mpaka asinzie. Bosi mwenye akili humwamini anayeleta kosa pamoja na dawa yake, na kama wako hana akili, afadhali ukose cheo kuliko kukikalia juu ya mgongo wa mwenzako. Halafu sogeza saa ya kuvuta hadi mchana, na kando ya kila duka ionekane ni lini waliingiza mauzo mara ya mwisho, ili nafasi tupu isisomwe kama uvivu.

Jackton umwambie wewe mwenyewe, asije akayasikia kwa watu. Na kila Jumatatu, kabla ya hiyo chai, piga zile simu. Mashine inakushinda kuvuta hesabu, lakini haijui kuuliza, "Mko aje huko?" Hiyo ilikuwa kazi yako, na hakuna aliyekwambia uiache.