Dada Mkubwa Achague

Mzee Idi, mwalimu wangu,

Kiti chako hakuna aliyekikalia. Nilijaribu mara moja, nikainuka upesi kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Nakukumbuka sana, Mzee. Ofisi imepoa bila mtu wa kunitania.

Lakini leo nakuandikia kwa furaha. Wale dada wawili wa mtaa wa Gisimenti, Hasina na mdogo wake Mariamu, wameelewana! Duka la kushonea nguo aliloacha mama yao haliuzwi tena. Ulipotutoka uliniachia kesi hiyo, nami niliogopa kweli. Hata salamu walikuwa wameacha kupeana, na wangefika mahakamani duka lingepigwa mnada.

Basi nikatumia ile nadharia yako ya michezo, hesabu ya kukisia mwenzako atafanya nini kabla hujasogeza kete. Mmoja agawe, mwingine achague. Anayegawa hatadhulumu, maana kipande kibaya kitamrudia mwenyewe. Nikamwambia Hasina agawe, Mariamu achague.

Yebaba we! Mariamu akagoma. Achague mbele ya dada yake mkubwa, ana wazimu? Hasina naye akaona anasusiwa, akachukua mkoba wake akatoka. Hesabu yangu yote ikavurugwa na heshima!

Hapo nikasikia kicheko chako. "Binti, usiusome mchezo ukawasahau wachezaji." Nikamkimbilia Hasina ngazini, nikageuza: mdogo agawe, mkubwa achague. Kumbe ndivyo walivyolelewa. Hata chapati, Mariamu ndiye aliyekuwa akizikata, Hasina akichagua.

Mariamu akagawa: chumba cha mbele kinachotazama barabara, na cha nyuma chenye cherehani zote. Nilikuwa na hakika Hasina atachukua cha mbele. Akachukua cha nyuma. Alisema mdogo wake ndiye anayejua kuongea na wateja, yeye mikono yake inamtosha. Hilo sikulikisia, Mzee, na sidhani hata wewe ungelikisia. Mariamu akalia. Nami nikalia, wakili mzima!

Mlango wa katikati wamekataa usizibwe.

Haya, pumzika sasa, kazi iko mikononi mwangu. Kesho wanakuja majirani wawili wa Masoro wanaogombania njia ya kuingilia ghalani. Nakuahidi, kabla ya hesabu yoyote nitawauliza ni nani aliyekuwa akikata chapati nyumbani kwao.

Na nitawauliza nikiwa nimekaa kwenye kiti chako.

Binti yako,
Claudine